Jaketi za Kijani

Luanda Kotieno
11 Februari 2023

Shemeji Mathews,

Kaloleni inasemaje? Cherehani bado inaimba? Dolphine na watoto wako poa? Sisi huku hatuna ubaya. Lornah dada yako amenona mpaka mashua inalalia upande wake, lakini usimwambie ni mimi nimesema. Simu yangu ndio ilianguka ndani ya ziwa. Sasa ni samaki mbuta wanapokea calls. Ndio maana nakuandikia na natuma na Brandon, ule dereva wa pikapu ya samaki. Na wewe mpatie jibu.

Yuora, shemeji yangu, hii kazi ya kuvusha watu kwa tanga ni tamu lakini iko na makofi. Juzi upepo uligeuka, ule mti wa kushika tanga ukaruka ukapiga mzee wa kanisa kwa kisogo. Alikuwa ndio anaanza maombi ya safari. Amen tulisema sisi, yeye amelala. Kuna mama aliingia na jiko imewashwa, eti chai isipoe kabla tufike ng'ambo. Mwingine alikanyaga katikati ya kamba, tanga ikavuta, akaenda kama mbuzi ya Krismasi. Na Waliaula, ule mwenzangu wa kuchota maji, anachota mpaka anasema ziwa likikauka alipwe yeye.

Sasa chairman wa beach amesema hataki kuona jerikeni. Unajua sisi huwa tunafunga kila abiria jerikeni tupu kwa mkono, mashua ikipinduka anaelea nayo. Anasema ni aibu, anataka jaketi. Za duka hatuwezi. Si wewe ni fundi? Tushonee.

Shemeji yako,
Wabwire


Kaloleni, Kisumu
4 Machi 2023

Shemeji Wabwire,

Nimepata barua, inanuka samaki omena lakini nimesoma yote. Tuko salama. Mtoto wa mwisho ameota meno, anauma hata mbao ya cherehani. Pole kwa mzee wa kanisa.

Jaketi ndio hizo kwa gunia. Ndani nimeweka ile foam ngumu ya kuelea, haiwezi kunywa maji. Nimezipima mwenyewe kwa pipa. Mwambie chairman asihofu. Hata ng'ombe ukimvisha ataelea.

Ile moja nyekundu ni ya Lornah. Nimeshona kwa saizi yake. Asipatie abiria, hata akiombwa namna gani.

Shemeji wako,
Mathews


Luanda Kotieno
26 Machi 2023

Shemeji fundi,

Aki wewe! Hujambo mara mbili, moja yako na moja ya mikono yako. Tuko wazima, na tuko smart. Abiria wakivaa kijani wanakaa kama kwaya. Waliaula havui yake, analala nayo, anasema ni godoro na shati pamoja. Lornah na nyekundu yake anajiita kapteni. Nilimwambia huyu kaka anakupenda kuliko mimi, akasema hiyo si siri.

Jerikeni zote tumeuzia mama wa kuuza maji. Nani anazitaka tena?

Na si unajua mdomo yangu. Nimesimama hapa beach kila asubuhi nakutangaza: "Jaketi ya shemeji yangu, hata ukitaka kuzama itakukatalia!" Watu wanacheka, halafu wanauliza bei. Sasa mashua tatu zingine zinataka. Tuma haraka kabla waende kwa mwingine.

Shemeji yako wa matangazo,
Wabwire


Kaloleni, Kisumu
15 Aprili 2023

Shemeji,

Salamu nyingi. Dolphine anakohoa kidogo, wengine wazima. Za hao watu wa mashua tatu nimempa Brandon. Zote kijani. Endelea kutangaza, mdomo yako ni mtaji.

Shemeji wako,
Mathews


Luanda Kotieno
19 Juni 2023

Mathews,

Natumaini mko wazima. Dolphine kikohozi iliisha? Sisi wengine tuko wazima.

Waliaula tulimzika Jumamosi.

Upepo ulitoka upande wa Mbita, mweusi, wa ghafla. Nilipiga kelele tanga ishuke lakini kamba ilikuwa imelowa, ikakwama juu. Tukalala upande, ziwa likaingia. Abiria wengi walishika mashua, kwa sababu mbao inaelea. Waliaula alikuwa ameshika mbao pia. Kulikuwa na mama mmoja anaenda mbali anapiga maji na mikono. Waliaula akaniangalia akasema, "Kapteni, mimi niko na jaketi." Akaachilia mbao akamfuata.

Alimsukuma huyo mama mpaka akashika kamba yetu. Halafu yeye mwenyewe akaanza kwenda chini. Polepole, kama mtu anakaa kwa kiti. Alikuwa ananiangalia kama anataka niseme kitu ya kuchekesha.

Lornah pia alitupwa mbali na mashua. Yeye alielea. Alikaa juu ya maji kama bata mpaka watu wa beach wakamfikia.

Baada ya mazishi nilichukua kisu nikapasua moja ya kijani. Ni sponji ya godoro. Nikifinya, ziwa linatoka. Halafu nikapasua ile nyekundu. Ndani ni foam ngumu, kavu kabisa.

Sasa niambie, shemeji. Nimepasua vibaya?

Wabwire


Kaloleni, Kisumu
24 Juni 2023

Shemeji yangu,

Dolphine amepona, asante. Pole sana, pole kwa mama yake Waliaula. Sijalala tangu nisome.

Nisikilize kama ndugu. Foam ngumu ilipatikana kidogo tu, ya kutosha moja. Nikajiuliza, hizi jaketi si ni za chairman kuona? Miaka yote mmevuka, mashua yako haijawahi pinduka. Nilijua wewe ni mtu wa bahati. Sikupanga mtu afe.

Wakiuliza, sema Waliaula hakuwa amefunga vizuri. Hiyo haimrudishi wala haimuumizi. Za zile mashua zingine nitabadilisha polepole, moja moja, bila kelele. Nikipelekwa polisi watoto wangu watakula nini? Na Lornah ni damu yangu. Mfikirie yeye.

Shemeji wako daima,
Mathews


Luanda Kotieno
29 Juni 2023

Mathews,

Salimia Dolphine na watoto. Hao sina shida nao.

Brandon alileta barua yako siku ya soko. Mashua zote tatu zilikuwa zinapakia watu, kijani kijani mpaka nyuma. Nikasimama pale pale natangazia kila siku. Nikasema, "Vueni hizo jaketi, zinakunywa maji." Unajua walifanya nini? Walicheka. Mama mmoja wa viazi akaniambia, "Wabwire, wewe hata mazishi hayakupatii akili?" Griffin, mwenye ile mashua kubwa, akauliza kama nimeanza kuuza zingine mpya. Nikaapa. Wakacheka zaidi. Mdomo yangu imewaambia uongo yako vizuri sana, sasa ikisema ukweli hakuna mtu anaamini.

Nikavaa ya kijani, nikafunga vifungo vyote, Griffin mwenyewe akaangalia. Lornah akanifunga kamba kwa kiuno akashika mwisho wake. Nilikuwa nimemsomea barua yako. Alikaza tu fundo. Nikaruka pale mwisho wa mawe ya gati, kwa kina.

Kwanza inaelea, Mathews. Hapo umefanya kazi nzuri. Watu bado walikuwa wanacheka. Halafu inaanza kuwa nzito kwa mabega, kama mtu amekukumbatia anataka uende naye. Mimi najua kuogelea na bado ilinipeleka. Niliona maji ya kijani, nikaona Waliaula alichoona. Kicheko ikanyamaza huko juu.

Walinivuta. Nilipofungua macho, watu walikuwa wanavua zao wanatupa kwa mchanga, na hakuna mashua iliondoka siku hiyo. Chairman akaniinamia, "Nani alishona hizi?"

Nilikuwa natapika ziwa, siwezi kuongea. Ni Lornah alimjibu. Alisema jina lako, akaongeza la baba yenu, ndio wasije wakashika Mathews mwingine.

Mume wa Lornah,
Wabwire