Mkamwana Aliyemsemea Baba Mkwe Wodini

Butiama, 12 Machi 2024

Kwa Mama Justina wa ukurasa wa ushauri,

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla Pasaka haijapita, maana jambo lenyewe lina siku yake na siku hiyo inakuja, na mimi kila nikikaa kuliwaza naona giza. Mimi ni mjane, watu wananiita Mama Stanslaus, nilisoma hadi darasa la saba kule Nyegina, kwa hiyo utanivumilia mwandiko na maneno kuwa mengi. Ukilitoa gazetini naomba ubadilishe majina.

Mume wangu, Mzee Werema, alifariki mwezi wa kwanza mwaka huu hapa nyumbani, alilala mchana baada ya kula na hakuamka. Alikuwaga mtu wa kofia, hata ndani ya nyumba anayo kichwani, na akipewa chai lazima akigonge kikombe kwa kidole kwanza ndipo anywe, sijui kwa nini, nilimuuliza tukiwa vijana akasema anakibishia hodi. Mpaka leo nikimimina chai nasikiliza kile kidole.

Sasa ninayetaka kukuandikia habari zake ni mkamwana wangu Eunice, mke wa mwanangu Stanslaus. Wanakaa Makoko, mume ni dereva wa lori na mara nyingi yuko safarini, yeye Eunice anauza dagaa sokoni Musoma. Mwaka jana mwezi wa tano mzee alishikwa na homa na tumbo, akalazwa hospitali moja hapo mjini, na kwa kuwa Stanslaus alikuwa mbali na mimi magoti yalikuwa yamevimba siwezi kutoka Butiama, aliyebaki kumhudumia ni Eunice peke yake.

Kwetu, Mama Justina, mkamwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali, hawashikani mikono, hawali pamoja, akipita huku mwingine anapita kule, na habari za mwili wa mkwe hazitajwi kabisa mdomoni. Eunice ameishika heshima hiyo tangu alipoolewa. Basi hata pale hospitali alikuwa anasimama mlangoni mwa wodi na chupa ya uji, hasogei kitandani, anampa mgonjwa wa kitanda cha jirani ambaye ni Bonifasi wa kule Bunda aliyevunjika mguu lakini anachechemea na gongo, na Bonifasi ndiye anampasia mzee. Bonifasi akawa anamtania, "Shemeji, mimi nililetwa hapa kwa mguu, sasa mmenifanya posta." Na vyombo vikioshwa ni hivyo hivyo, Bonifasi anavitoa chini ya kitanda, chupa ya uji na kopo la mkojo, Eunice anavipokea mlangoni anakwenda kuosha.

Mimi nilipopata nafuu ya magoti nikaja, na nilifika asubuhi ambayo madaktari wapo kwenye raundi na ndugu wote wametolewa nje, nikakaa kwenye benchi la varanda chini ya dirisha, na kila kitu kilichosemwa ndani nilikisikia kwa masikio yangu. Daktari alimuuliza mzee, "Baba, unaendeleaje?" Mzee akajibu, "Sijambo daktari, namshukuru Mungu." "Tumbo?" "Linapungua." "Unakula?" "Nakula vizuri." Mimi mkewe niliijua ile sauti, ni sauti anayowajibu wageni. Lakini daktari ni kijana, tena anawajali wagonjwa, atajuaje, akasema vizuri baba, wakaanza kuhamia kwa Bonifasi.

Hapo ndipo nikamwona Eunice anapita mbele yangu na kuingia ndani. Nesi akamwambia, "Mama, ndugu wote nje, raundi inaendelea."

"Najua dada, nisamehe. Huyo baba hajasema ukweli."

Daktari akauliza, "Wewe ni nani wake?"

"Mke wa mwanae."

"Basi mwache mgonjwa aseme mwenyewe."

"Hawezi kusema mimi nikiwa hapa. Na nikitoka atawaambia hajambo tena, kwa sababu na nyie kwake ni watoto." Nikasikia anavuta pumzi. "Tangu jana asubuhi hajakojoa. Anakunywa uji unaisha, anakunywa maji yanaisha, na kopo linarudi kwangu kavu. Mshikeni chini ya kitovu, halafu mnifukuze."

Mzee akasema kwa lugha ya nyumbani, mtoeni huyu mtoto. Eunice akatoka, akaja akakaa benchi lile lile nililokaa mimi, hakuniangalia. Akasema tu, "Mama, umefika. Nimemwaibisha baba." Ndani tukasikia wanavuta pazia, kisha tukasikia mzee amepiga kelele moja, na sijawahi kumsikia akipiga kelele maishani. Walimwekea mpira wa mkojo na mfuko ukajaa. Daktari alitoka mwenyewe mpaka kwenye benchi akatuambia kwamba tezi ndiyo iliyoziba njia, na tungechelewa figo zingeharibika, akamwambia Eunice, "Asante mama, umenisaidia kuuliza nilichoshindwa kuuliza." Baadaye akafanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani, akavuna mtama wake, akamwona mjukuu wake akipata komunyo ya kwanza. Hiyo miezi yote niliyokaa naye tena mimi nahesabu ni zawadi ya Eunice.

Siku zile bado yuko wodini, mzee hakumtumia salamu kwa muda, alikuwa anajifunika shuka akimwona mlangoni. Halafu siku moja akamwambia Bonifasi, "Mwambie huyo mama uji wake wa jana ulipungua sukari." Eunice aliposikia alicheka mpaka akakaa chini.

Shida ilianza kwa Bonifasi, na wala hakukusudia ubaya. Alipopona mguu akawa anasimulia kule Bunda kwa kusifia, kwamba ameona mwanamke jasiri, habari ikatembea mpaka Guta kwa mdogo wake mume wangu, anaitwa Machibya, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Mzee alipokuwa hai Machibya hakusema kitu. Sasa tunaanua tanga Jumamosi baada ya Pasaka, na siku hiyo familia inakaa ndani, kila mtu anasema neno lake la mwisho kwa marehemu, na Machibya ameniambia, "Shemeji, yule hawezi kukaa ndani. Alimvua kaka nguo kwa mdomo wake mbele ya watu. Atakaa nje na majirani, na alete kondoo ndipo tumsafishe." Eunice anasema, "Mama, nitaleta kondoo, yaishe." Stanslaus anasema mke wake akileta kondoo, yeye hatakanyaga hapa.

Na Machibya si mtu mbaya. Ndiye aliyeezeka upya paa langu, ndiye anayenilimia kwa ng'ombe wake, na siku ya mazishi alilia kuliko mwanangu. Anamlinda kaka yake, ndivyo anavyoona.

Kinachonisumbua ni hiki. Siku moja mzee akiwa anamenya viazi vya michembe, vya kukatwa na kuanikwa juani, aliniambia hivi, "Getruda, mimi nilikuwa nimekubali kufa kuliko kutamka lile neno. Yule mtoto alibeba aibu yangu akaifanya ya kwake. Mungu ambariki na watoto wake." Kisha kuna kitu kingine alikifanya hapo hapo, akaniomba nisikitaje kwa mtu, na hata kwako sikitaji. Maneno hayo ya baraka ninayo mimi peke yangu. Nikiyasema kwenye kikao cha wanaume naona kama natoa nje mambo ya mume na mke, kama na mimi namvua nguo mara ya pili, na tena mjane aliye kwenye tanga hasimamagi kuongea. Nikinyamaza, Eunice atakaa nje siku ya kumuaga mtu ambaye yeye ndiye aliyempa miezi ya kuishi. Niseme au ninyamaze? Nanyimwa usingizi na jambo hili.

Naomba unikumbuke mimi na Mzee Werema katika sala.

Mama Stanslaus

* * *

Mama Stanslaus,

Pole kwa msiba. Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba, na jibu nimelitoa mapema ili likufikie kabla ya Jumamosi yenu. Barua yako tuliisoma kwa sauti hapa ofisini, na mwenzangu wa meza ya michezo, mwanaume mzima, akatoka nje akidai anapokea simu. Simu yake ilikuwa mezani.

Sasa niruhusu nikugombeze kidogo, kisha tufanye kazi.

Unaniuliza useme au unyamaze. Mama, wewe uliijua ile sauti ya "sijambo" ukiwa dirishani, uliijua kwamba ni ya wageni. Sasa isikilize yako. Machibya akikuuliza "Shemeji, tumekubaliana?" na wewe ukajibu "Sawa shemeji, hakuna neno," hiyo ni sauti ile ile. Itampita Machibya kama ilivyompita yule daktari, naye atahamia kitanda kingine, na Eunice atabaki nje.

Kuhusu mambo ya mume na mke. Mumeo alikuwa mtu mwangalifu, mtu wa kukibishia hodi kikombe. Mtu kama huyo anajua anachosema. Siku ile alikuachia vitu viwili, kimoja akakuomba usikitaje na kingine hakukuomba. Angetaka na baraka ile ifichwe, angesema. Hicho alichokuomba kifiche, zikwa nacho, hata mimi sitaki kukijua. Ile baraka si yako, mama. Ni ya Eunice na watoto wake, wewe umepewa kuifikisha. Na mpaka leo hujaifikisha hata kwake mwenyewe, hilo nimeliona kwenye barua yako na halikunifurahisha. Mkamwana wako amekaa tangu mwaka jana akiamini amemwaibisha baba. Leo hii, kabla hujala, mpigie simu umwambie.

Halafu kuna Machibya. Nimekupenda ulivyomwandika bila kumchafua. Mtu aliyelia vile kaburini hahitaji kushindwa mbele ya kikao, akishindwa hivyo mtabaki na ukoo uliopasuka. Usingoje Jumamosi. Mwite kwako, au kama magoti yanaruhusu nenda Guta. Usiende na mtoto wako Stanslaus, ana hasira na atakuharibia. Mpikie chai, kaeni wawili, umwambie maneno ya kaka yake kama alivyoyasema, neno kwa neno, bila kuongeza. Kisha umuulize swali moja: kaka yako amembariki, sisi tunamsafisha kutoka kwenye nini? Nyamaza hapo. Usimjazie maneno. Mwache atafute jibu mwenyewe, na ikibidi alale nalo.

Akielewa, mwombe yeye ndiye ayaseme maneno hayo Jumamosi, kama mkubwa wa ukoo. Hapo wewe hujavunja mwiko wa tanga, yeye hajadharaulika, na baraka imetoka mdomoni mwa mdogo wa marehemu, mbele ya wote. Nadhani atakubali. Asipokubali, basi utasema wewe, ukiwa umekaa hapo hapo mkekani kama mjane anavyokaa. Hakuna sheria inayokutaka usimame ili usikike.

Kondoo asiletwe. Hata kwa kuzima mambo, asiletwe. Eunice akilipa leo, kesho mkamwana mwingine wa ukoo wenu atasimama mlangoni mwa wodi na kopo kavu mkononi, atamkumbuka yule kondoo, na atanyamaza. Mwambie Machibya na hilo, maana na yeye atazeeka, na tezi haichagui mkubwa wa ukoo.

Wasomaji wengine, msimame hapa kidogo, maana najua nyumba nyingi za Mara zina jambo hili. Heshima ya mkwe ni nzuri, wala sisemi muitupe. Mgonjwa anapolazwa, mtafutieni mtu mmoja anayeweza kusikia kila kitu chake, mwana wa kiume, mjukuu, rafiki yake wa kanisani. Kama aliyepo ni mkamwana tu, amfuate nesi pembeni mapema, amwambie, "Huyu ni baba mkwe, mbele yangu hatasema, naomba mumuulize faragha, na mumuulize kuhusu mkojo na choo." Manesi wetu wengi wamezaliwa huku huku, wataelewa. Na ikishindikana yote, raundi inaondoka na mgonjwa amesema hajambo, ingia. Omba radhi kama Eunice alivyoomba, kisha sema unachokijua kwa maneno mafupi: tangu lini, anakunywa nini, kinatoka nini. Hakupiga kelele, hakumtukana nesi, hakumwita daktari mjinga. Alisema kopo ni kavu, akatoka akakaa benchi. Mimi nimefanya kazi ya maneno maisha yangu yote na sijui kama ningeweza kusema vizuri kuliko vile.

Kwa hiyo, Mama Stanslaus, Jumamosi mkeka wako uwe mpana. Eunice akae kulia kwako, ndani. Ikifika zamu yake ya kusema neno kwa baba mkwe, mwache aseme anachotaka. Baadaye, chai ikija, kikombe cha kwanza kipitishe kwake, na kabla hajanywa mfundishe kukigonga kwa kidole.

Nisalimie Eunice, unajua jina lake la kweli. Mwambie yupo mwanamke hapa gazetini anayeomba, siku akiwa sokoni na dagaa wake, amkumbuke.

Mama Justina