Kijarida Kisicho na Mwenyewe

Hodan, mtoto wa kaka yangu,

Niwie radhi, jibu limekawia mno. Binti yangu anaota meno, halali, nami silali. Mbuzi wazima na mvua imegusa Ijara, alhamdulillahi.

Umeuliza kama kijarida mnachokichapa wenyewe huko Nairobi kinanifikia. Kinafika, mwanangu. Lakini unajua sanduku la posta ni la Abdi mwenye duka, sote tunalitumia. Na bahasha ilikuwa na namba ya sanduku tu, bila jina, kama nilivyokuomba. Basi Abdi akaifungua, akaanza kuwasomea wazee kwa sauti, mpaka akafika kwenye habari ya hedhi. Akanyamaza kama redio iliyoishiwa betri.

"Hiki ni cha nani?"

Mimi niliyejiandikisha nitumiwe kila toleo nikashika sukari niliyokuja kununua pale dukani, nikasema, "Sijui."

Bibi Kaltuma akanyoosha mkono. "Kama hakina mwenyewe, leta. Nina wasichana nyumbani."

Nikamfuata nje kumwomba. Akacheka. "Kumbe kina mwenyewe!" Hakunipa.

Aibu ninayo hadi leo, wala si ya mliyoyaandika. Ni ya lile "sijui", nami nimembeba binti mgongoni.

Kwa hiyo usiache kutuma. Nataka toleo lile tena, maana Bibi harudishi. Toleo jipya, nakala mbili. Na juu ya bahasha jina langu lote, kwa herufi kubwa, Abdi aliite mbele ya wazee.

Eddo wako, shangazi yako,
Sahra