Utani Ulioingia Kwenye Faili

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemwagilia mchicha. Dawa ya presha, kisha chai. Saa nne akaja kijana mwenye mkoba, mtu wa usalama, kufanya upekuzi. Rehema, binti wa jirani yangu Athumani, amefaulu usaili wa kazi wizarani. Kabla ya kuajiriwa, majirani huulizwa. Nilimsifu sana. Nilimfundisha mwenyewe.

Tukiwa barazani Athumani akapita. "Mwalimu, bado hujafa? Jeneza lako linaliwa na mchwa."

Nikamjibu kama siku zote. "Mgeni, muogope huyu. Akipata mnunuzi, nchi yote anaiuza kwa debe la dagaa."

Tukacheka wawili. Kijana akaandika.

Jumatano, 27 Agosti

Rehema amekosa kazi. Wenzake watatu waliofaulu naye wamesharipoti kazini. Hakupewa sababu, ila karani mmoja amemnong'oneza: baba yake ametajwa kuwa mtu wa kuuza siri za nchi. Amekuja kunisimulia, macho mekundu.

Maneno ni yangu. Sikumwambia.

Alhamisi, 28 Agosti

Sijala. Jambo lenyewe si gumu. Mimi Mnyamwezi, Athumani Mzaramo. Babu zetu walikutana kwenye njia ya misafara, wakipeleka pembe pwani, wakawa watani. Mtani humtukana mtani, hata msibani, na hakuna kununa. Kijana angeuliza swali moja tu, ningemweleza. Hakuuliza. Nami niliiona kalamu ikitembea, nikaendelea kucheka.

Miaka thelathini nimefundisha uraia. Nilisema idara ya usalama hukusanya habari na kuishauri serikali, haihukumu mtu. Waziri huisimamia, bunge humhoji waziri. Nilichora ngazi hiyo ubaoni, watoto wakanakili. Hakuna aliyeniuliza: raia akiandikwa vibaya, abishe hodi wapi? Nisingekuwa na jibu. Nilikuwa nafundisha mchoro.

Jumanne, 2 Septemba

Nimepeleka barua mjini, ofisi ya usalama, kurasa nne, nikieleza utani ni nini. Dada wa mapokezi alisoma mstari wa kwanza, akanirudishia. Faili la upekuzi ni siri, hata likiwa na kosa. Nikauliza nani hukagua mafaili hayo.

"Wenyewe, babu."

Nikampigia mbunge. Akasema mambo hayo hayafiki mezani kwake. Nina hasira. Aibu ni kubwa zaidi.

Nilipotoka huko nilikwenda kwa Athumani, nikamwambia yote. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama nimekula. Akaingia ndani.

Jumapili, 14 Septemba

Tumemzika dada yangu. Makaburini watu walimtazamia Athumani afanye vituko: ajilaze kaburini, agome kutoka, amseme marehemu kwa uchoyo wake. Ndiyo kazi ya mtani. Hata wanangu walikuwa wakimwangalia.

Alisimama nyuma na wageni. Zamu yake ilipofika alitia udongo, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, mwalimu."

Adabu tupu. Nikamjibu asante.