Kipande Nilichokikata

Shangazi, shikamoo.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Ule ukurasa ulionituma nikutafutie mtandaoni mwezi wa kumi na mbili, wa mambo ya uvimbe tumboni, sikukupa mzima. Nilifuta aya nne za mwisho kabla ya kuuhifadhi, nikaunganisha juu na chini ili usione pengo, kisha nikakukabidhi flashi kwa mikono miwili kama mtu mwaminifu.

Mimi, ambaye kitu cha kwanza ulichonifundisha ni kwamba ukurasa haukatwi.

Siku hiyo ulikuwa umekaa kwenye kile kiti chenye mto, mlango wa steshenari yako umeegeshwa kwa sababu ya upepo wa Same na vumbi lake. Ulisema bila kunitazama, "Naki, kuna mama mmoja wa huko juu ameniuliza habari za uvimbe. Mtafutie." Nikatafuta. Nikasoma habari za tumbo linalojaa huku mwili ukiisha. Nilipoinua macho niliona zipu ya sketi yako haifungi, umeishikiza kwa pini, na blauzi imekuwa pana mabegani. Nikajua hakuna mama yeyote wa huko juu.

Zile aya nne zilisema mtu asiyewahi hospitali nini kinampata. Neno lenyewe lilikuwa pale, limeandikwa wazi. Sikutaka macho yako yaliguse. Nilidhani nikilifuta... sijui hata nilidhani nini, Shangazi.

Ulisoma, ukapaka njano, rangi yako ya mambo ya kushika, sehemu mbili tatu, ukasema, "Ahsante. Yule mama atashukuru." Halafu ukaniuliza kama nimekula.

Uliondoka mwezi wa tatu. Tulikupandisha kijijini Bombo, huko juu milimani, kukuzika kwenye mvua, gari likasukumwa mara mbili kwenye ule udongo mwekundu, na kwaya iliyotangulia ilitusubiri imelowa. Kwenye matanga Baba Mdogo alikuwa na sentensi moja. Kila aliyekuja kutoa pole alipewa: "Angejua mapema." Alikuwa haisemi kwa ubaya, ni uchungu tu. Lakini mimi nilikuwa napita na sinia la chai, na kila nikipita naisikia. Angejua mapema. Mimi ndiye niliyeishika hiyo mapema mkononi, nikaifuta.

Nikashindwa kula. Hata makande, chakula chetu Wapare cha kila siku, hayakupita. Mama akasema ni malaria, akanipeleka kupima, kipimo kikasema sina. Hakuna kipimo cha nilichokuwa nacho. Ulijua nilivyo, hata darasani nilikuwa najua jibu na sinyooshi mkono. Sasa nilikuwa na jibu la swali ambalo ukoo mzima unauliza.

Halafu Baba akaniambia kompyuta yako itapelekwa shule ya msingi ya Bombo, kwa hiyo nihamishe kwanza kurasa zako zote zisipotee. Nilikaa nazo siku tatu. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyofikiri. Tangawizi peke yake ina folda mbili. Nilizisoma tena zote, kwa sababu kila ukurasa ni kama unaongea. Pale mtaalamu fulani alipomtaka mkulima amwage tani kumi za samadi, umepaka nyekundu na kuandika pembeni, "Huyu ng'ombe wake wangapi?" Kwenye ule wa nyuki: "Hii ni ya nchi za baridi. Nyuki wetu hawana subira hiyo." Ndiyo maana Baba Nanzia, yule wa tangawizi, alikuwa anasema yeye husoma pembeni kwanza, ukurasa wenyewe baadaye akipata nafasi. Watu walishuka na swali, wakapanda na ukurasa kwenye simu, unaofunguka bila bando, maana kule juu mtandao unapatikana kwenye jiwe moja tu nyuma ya kanisa. Na wakifika wanarushiana nyumba kwa nyumba.

Niliwahi kukuuliza kwa nini usiufute tu ule uongo kuliko kuhangaika kuupaka nyekundu. Ulinijibu, "Ukiukata, atakutana nao kwingine mimi sipo. Mwache auone, ila asiuone peke yake."

Siku ya tatu nikakuta folda inaitwa "Mapishi ya makande". Nilicheka, Shangazi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. Wewe ndiye uliyesema Mpare anayetafuta makande mtandaoni aombewe. Nikaifungua kwa kicheko hichohicho.

Ndani kulikuwa na kurasa mbili. Wa kwanza ulikuwa ule ule wa uvimbe. Mzima. Umeuhifadhi mwezi wa kumi, miezi miwili kabla ya kunituma mimi. Na pembeni ya zile aya nne, mwandiko wako, maana nauita hivyo hata kama ni herufi za kompyuta:

"Nimeshaenda, mara mbili. Daktari kasema hivihivi, na kwamba umeshatembea. Nimemaliza kulia, sasa nasoma."

Chini yake: "Kaka asiambiwe kwanza. Ataufungisha usharika mzima kwa maombi, na Naki ana mtihani."

Wa pili ulikuwa nakala yangu. Nilitaka kuufunga, mkono ukakataa. Nikateremka hadi mwisho. Pale nilipounganisha, pale nilipodhani hapaonekani, kulikuwa na alama moja ya njano, imepakwa juu ya nafasi tupu. Pembeni umeandika:

"Hapa Naki amekata. Nilimtuma autafute ili ajue bila mimi kumwambia kwa mdomo. Amejua. Mdomo ulinishinda, naye ulimshinda. Damu moja."

Basi.

Nilisoma mara nyingi mpaka kioo kikazima chenyewe. Kumbe ulikuwa unaniambia. Kumbe siku ile tulikuwa tumekaa wawili, tunaambiana, kila mtu anamficha mwenzake, na ukurasa ndio unaongea. Na mimi miezi yote hii nimebeba kosa ambalo wewe ulishalipaka njano. Njano, siyo nyekundu. Nimeliangalia hilo sana.

Nililia, lakini siyo kile kilio cha matanga. Hiki kilikuwa kinatoka na kuniacha nyepesi. Nikafunga steshenari mchana kweupe, nikaenda kwa mama ntilie wa jirani, nikala sahani mbili za makande. Akaniuliza leo kuna nini. Nikasema njaa tu.

Sikutaka wengine waendelee kubeba lile "angejua mapema". Nilimpelekea Baba ule ukurasa wa kwanza, ule mzima. Alisoma pole pole. Alipofika kwenye maneno ya usharika kufunga akasema, "Huyu dada yangu huyu," akacheka huku amefunika macho. Kisha yeye mwenyewe akautuma kwenye grupu la ukoo. Baba Mdogo akaandika maneno matatu: "Kumbe dada alijua." Ile sentensi yake ya msibani sijaisikia tena.

Kompyuta iko shuleni sasa. Jumamosi napanda Bombo kuwasaidia walimu, na watu wamezoea kunisubiri pale na maswali yao. Bado naona aibu kuongea nao, kwa hiyo naandika. Pembeni naweka herufi N, ili mtu ajue siyo wewe, asije akakulaumu kwa ujinga wangu. Baba Nanzia ameshasema pembeni zangu ni fupi mno, kama mtu anayenong'ona kanisani. Nitarefusha.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja, wa kweli huyu, ana mtoto anayechoka hovyo. Ukurasa niliompatia una sehemu inayotisha. Kidole kilikuwa tayari pale pa kufutia. Nikakiondoa. Nikaandika pembeni: "Mama, hapa panatisha, hata mimi nimeogopa. Usipasome ukiwa umesimama. Kesho asubuhi nitakuja, twende zahanati pamoja." Tulikwenda. Wametupa barua ya hospitali ya Same, na Jumatatu ninawasindikiza.

Basi hiyo ndiyo ahadi yangu kwako. Sitakata tena ukurasa wa mtu. Patakapotisha nitapaacha, nami nitakaa pembeni yake.

Pumzika, Shangazi. Tangawizi imeota mpaka karibu na kaburi lako, sijaing'oa, najua ungependa.

Ile folda ya makande ninayo mimi kwenye flashi yako. Ukoo wameona ukurasa mmoja. Ule wa pili, wenye pengo na alama yako, hajauona mtu na sitamwonyesha. Tafadhali nawe huko uliko, hata Bibi aliyekutangulia akikuuliza, usimwambie.

Wako,
Naki