Bogenvilia ya Mama Kwenye Jerikeni

Jumamosi. Jua kali tangu asubuhi, hakuna upepo wowote kutoka ziwani.

Imechanua. Naandika hilo kwanza, kesho nisije nikadhani niliota.

Maji ya ziwa yalipopanda kule Usenge yaliingia nyumbani kwa mama, yakakaa miezi, na bogenvilia iliyokuwa imetambaa juu ya lango lake ikaoza. Nilikata kijiti kimoja kilichokuwa bado kibichi, nikakipanda kwenye jerikeni kuukuu niliyoikata juu, hapa kwenye veranda yangu Kisumu. Mama naye nikamleta. Kijiti kilishika upesi. Mama ndiye aliyekaa kama mgeni: anakula, anashukuru, na habari za nyumbani hataki kuzigusa. Nikajiambia kwamba siku maua yatakapotoka, atazungumza.

Miaka miwili, majani matupu.

Kosa lilikuwa langu. Kila nilipoosha omena, dagaa wa ziwani, maji yale niliumwagia mmea, kama tulivyoyamwagia mboga nyumbani, huku nikijisifu kwamba naulisha. Ukanenepa, ukaparamia vyuma vya veranda hadi kwa jirani wa juu. Mama mmoja anayeuza miche kando ya barabara kule Milimani alicheka nilipomweleza.

"Umeishibisha sana, madam. Itatoa maua ya nini na iko na raha? Wacha ikae na kiu."

Kunyima sikuwezi. Mimi nikimpenda mtu, nampakulia. Lakini nikajikaza, nikaacha kumwagilia, na ajabu ni kwamba mmea ulizidi kung'aa. Asubuhi moja nikamkuta mama kwenye veranda, sufuria mkononi, anaumwagia maji ya omena polepole.

"Nyathina, mwanangu, hii kitu imetoka mbali na mimi," akaniambia. "Utailaza na kiu aje?"

Sikukasirika. Nilimweleza alichosema yule muuza miche, akanisikiliza, akanikabidhi sufuria. Tangu hapo tukawa tunatia kikombe kimoja tu, siku majani yanapolegea. Mengi yalianguka. Niliogopa, nakiri. Niliogopa kwamba nimeua kitu cha mwisho kilichobaki cha lango lile.

Leo nimefungua pazia nikasimama hapo hapo, chai ikapoa mkononi. Veranda nzima ni zambarau. Nimeinama nikaangalia kwa karibu, na kumbe ua lenyewe ni jeupe, dogo kuliko punje ya mahindi, na tunachokiita ua ni majani matatu yaliyogeuka rangi ili kulizunguka. Nimeishi na mti huu tangu utotoni na sikuwahi kujua. Haya yote yametoka kwenye udongo usiojaa karai, na kiu! Nimehisi udogo wangu, na nimefurahi kuuhisi.

Mama amevuta kiti, akakaa mbele ya maua muda mrefu.

"Ilikuwa hivi hivi kwa lango," amesema.

Mara ya kwanza kutaja nyumbani tangu mafuriko. Akataja lango, akataja choo, akataja mahali kuku walipolala. Kisha akaomba kisu, akakata kijiti ambacho hakina ua, akakifunga kwa kitambaa chenye maji.

"Hii tutapanda kule juu kwa shamba ya baba yako. Maji haiwezi fika huko."

Sikujua kwamba bado anataka kurudi. Kesho, tukitoka kanisani, nitakitafutia kijiti chake jerikeni ya kusafiria.