Mutoto ya Muntu

Kazi moya, 5 juin 1972
Fer tangu asubui, minapiga nguo pasi. Baridi. Maziwa ikanitoka paka ku robe, nguo yangu, nikafunga kitambala juu. Madame hajue kama minanyonyesha. Bwana yake ni Muhindi wa magazini, duka ya bitenge. Siku nilianza kazi madame alisema: mwenye kunyonyesha, hapana. Nikanyamaza. Mutoto wangu Feza anabaki kwetu Kapata na yaya, dada yangu mukubwa.

Pa barza tata muzee, baba ya bwana ya madame, patron, anasomesha mujukuu wake luga ya zamani ya dini yao, Kisanskriti. Anafasiria mu Kiswahili, maana kabinti kalizaliwa huku. Minapenda kusikia.

Kazi tatu, 7 juin
Muzee anafundisha. Kasya: ya nani? Ongeza chit. Kasyachit: ya muntu. Muntu gani? Haisemi. Muzee akaniuliza, nikapata. Akacheka: "Mama, kuya ukae darasani!" Nikafurahi siku nzima.

Kazi ine, 8 juin
Haya imenishika.
Yaya alikuya ku barrière ya nyumba na Feza, mutoto amekataa uji, analia. Madame akatoka. Huyu mutoto ya nani?
Kinywa yangu ikasema: "Ya muntu, madame."
Feza alininyooshea mikono. Sikusogea.
Yaya akasema: "Ya muntu? Aya, huyo muntu akuye amunyonyeshe!" Akaenda naye.
Muzee alikuwa pa barza. Alisikia yote.

Kazi tano, 9 juin
Yaya hanisemeshe. Mi mama ya namna gani.
Leo muzee amefundisha: luga yao haisemi "niko na". Inasema, yangu mutoto iko. Na "yangu" ni mama. Mama putri asti.
Nilizani ananiita. Nikaitika: "Tata?" Kabinti kakacheka. Muzee, hapana. Nikachoma shati ya patron na fer.

Posho, 10 juin
Nimebeba Feza mu mugongo paka kwa madame. Nikasema, mutoto ile ya juzi, ni yangu.
Akasema nilimudanganya. Ndiyo. Akasema nirudi nyumbani, atafikiri.
Muzee alishuka barza, akamugusa Feza shavu. "Kasya?"
Feza iko na neno moya tu.
"Mama."
Muzee akatazama madame, akarudi kukaa.

Yenga, 11 juin
Kazi, sijue bado. Haya haijaisha. Yaya amenipa chai, ya sukari.
Feza anatambaa nyumba nzima. Anashika kikombe: mama. Anashika kiatu ya yaya: mama. Kuku: mama.
Kila mara minaitika.