Mimi Tisa, Mke Wangu Sifuri

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla Jumatatu haijafika, maana nyumba yangu imekuwa ya moto na mtoto yuko katikati. Mimi ni fundi friji, nina mke na binti wa miaka sita, huyu mtoto mafindofindo ya kooni yamemvimba, akilala anakoroma kama jenereta na mara nyingine pumzi inakatika mpaka mama yake amwinue, basi wiki iliyopita tukaenda wote hospitali, daktari akasema njia ni mbili, kuyakata au kusubiri kwanza, mimi nikasema kata tu daktari, wewe ndiye unayejua, tukapeana mikono, nikatia saini, operesheni ikapangwa Jumatatu hii. Mke wangu alitaka kuanza hadithi zake za ukoo wao, jinsi kaka yake aling'olewa jino akavuja damu mpaka akalazwa, na binti yetu naye jino la utotoni lilipotoka mto ulilowa damu hadi asubuhi, nikamkatiza kwa utani, "Mama, tusimchoshe daktari, watu wamejaa nje," daktari akacheka, yakaisha.

Kumbe hayakuisha. Tulipotoka kuna dada wa hospitali anapima jinsi madaktari wanavyoamua pamoja na wazazi, akatuuliza kila mmoja peke yake, mimi pale kwenye mizani ya watoto, mke wangu kule kwenye benchi: daktari amejitahidi kiasi gani kueleza, kusikiliza unachojali na kukiingiza kwenye uamuzi, toka sifuri mpaka tisa. Mimi nikasema tisa kote, yule daktari hana maringo. Njiani nikamuuliza mwenzangu, wewe ulimpa ngapi?

"Sifuri."

"Sifuri! Unataka mtoto achukiwe?"

"Kuna aliyeniuliza kitu mle ndani? Na ungepimwa wewe, ningekupa hiyohiyo."

Tangu hapo chakula nakikuta mezani kimefunikwa, salamu za mkato, na amesema mtoto haendi kokote. Mshauri, nimechoka, mtoto anataabika, na Jumatatu alfajiri mke wangu anaingia zamu kiwandani, nimepanga nimpeleke mtoto mwenyewe, mama akirudi akute kazi imekwisha. Je, nitakuwa nimekosea?

Fundi Friji

*

Fundi, utakuwa umekosea, tena vibaya. Laiti ungeacha namba ya simu, ningekupigia badala ya kukuandikia. Nimemwomba mhariri barua yako itangulie zote.

Najua unampenda binti yako, na kusikia pumzi ya mtoto ikikatika si mchezo. Lakini hebu soma tena ulichoandika. Mjomba mtu jino tu lilimlaza hospitali. Mtoto naye jino limetoka lenyewe, damu mpaka asubuhi. Halafu unataka akakatwe kooni, na daktari hajui hata moja kati ya hayo kwa sababu baba mtu alileta utani! Mimi si daktari, huenda ni jambo dogo, huenda si dogo. Damu inapimika, waipime wajue.

Wewe ukiitwa kwenye friji lililogoma, si unamuuliza kwanza mwenye nyumba lilianzaje? Na mama wa nyumba akitaka kueleza, mumewe akamziba mdomo, utafungua wapi?

Daktari naye ana lake. Badala ya kucheka angegeuka aseme, "Mama, malizia." Sifuri aliichuma mwenyewe. Tisa yako ilikuwa shukrani tu, haikupima kitu. Uamuzi wa pamoja hauwezi kuwa tisa kwa baba na sifuri kwa mama.

Sasa nisikilize. Piga simu hospitali leo, waambie kuna habari za kuvuja damu kwenye familia na hazikusemwa, na operesheni isubiri mpaka mwonane tena na daktari. Pumzi ya mtoto ikizidi kukatika kabla ya hapo, msingoje miadi, mkimbizeni. Mkeo mwombe radhi, na usiitie "lakini" ndani yake. Mkirudi kwa daktari, mama ndiye aanze, wewe mshike mtoto mkono na ufunge mdomo mpaka amalize. Mkiamua kukata au kusubiri baada ya hapo, mtakuwa mmeamua wawili.

Bado unasoma? Gazeti utalimalizia baadaye, baba. Simu kwanza.